Runx Yangu, Vumbi la Dodoma na Mlio wa Baada ya Elfu Sita

Springi ya mbele kushoto ilikuwa imekatwa kwa grainda. Fundi aliitoa, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akanigeuzia upande wa juu nione mwenyewe. Ncha ya chuma ilikuwa kali, na pale jiwe la grainda lilipopita palibaki rangi ya bluu ya kuungua. Ile sehemu ya mwisho ambayo kiwanda huilaza ili springi ikae sawasawa kwenye kitako chake haikuwepo. Mzunguko mzima ulikuwa umeondolewa. Akaiweka juu ya benchi, akaweka pembeni yake kipande cha raba kilichokuwa kimesagika mpaka kinatoka unga ukikigusa.

"Kijana wangu," akasema, "hili gari limekuwa likitembelea hii raba. Springi ilikuwa msindikizaji tu."

Ilikuwa mwezi wa tisa, gereji moja ya Kizota, na ule upepo wa Dodoma wa majira hayo ulikuwa umeshaanza kuzungusha vumbi jekundu uani. Dogo wa gereji alikuwa anakimbia kufunika injini ya gari jingine kwa turubai. Mimi nilikuwa nimesimama na springi mkononi, nikikumbuka kwamba gari hili nililipendea jinsi lilivyokaa chini.

Niseme ni gari gani, maana nikisema Runx watu wanaona Runx zile za mjini, nyeupe na za fedha, za kupelekea watoto shule. Hizo zina injini za 1NZ na 1ZZ, ni magari mazuri na sina neno baya juu yake. Yangu ni Z Aerotourer. Toyota walitoa Runx Japani kuanzia 2001 hadi 2006, na toleo la Z waliliwekea injini ya 2ZZ-GE, cc 1796, ambayo waliitengeneza pamoja na Yamaha. Inatoa nguvu farasi 190 kwenye mizunguko 7600, bila turbo, na giaboksi ya mkono ya gia sita. Afrika Kusini waliliuza gari la namna hii kwa jina la RunX RSi. Injini hiyohiyo Lotus wa Uingereza waliichukua wakaiweka kwenye Elise. Kwa hiyo ndani ya bodi la gari la kupelekea watoto shule kuna injini ya gari la mashindano, na ukiliegesha nje ya ofisi kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hakuna anayegeuza shingo. Hicho ndicho nilichokipenda tangu nilipoanza kulitafuta, na bado nakipenda.

Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa amelishusha na kulivalisha rimu za inchi 17 zenye tairi nyembamba. Kwenye lami ya Dar lilionekana kama limechorwa. Siku nalileta Dodoma, tangu natoka Morogoro lilianza kuniambia ukweli. Gairo nilipita matuta upande upande, Kibaigwa nikaanza kusikia chuma, na Mbande, kwenye tuta ambalo hata sikuliona kuwa kubwa, tumbo la gari lilipiga chini kwa mlio ambao niliusikia kwenye meno. Nikapunguza mwendo, nikafika nyumbani usiku. Kesho yake nikapata namba ya huyu fundi.

Watu wengi wanadhani kukata springi kunaharibu starehe peke yake. Springi ni chuma kirefu kilichosokotwa, na kila mzunguko unatoa mchango wake wa kubonyea. Yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiukata mmoja, inabaki mitano, na inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Aliyekata anafurahi, anasema gari limekuwa gumu kama la mashindano. Lakini amepunguza nafasi ya tairi kupanda kabla halijafika mwisho, na huo ugumu wa asilimia 20 haufidii nafasi aliyoipoteza. Tairi linapopiga rasta za Buigiri, yale matuta madogo ya mfululizo, springi inabonyea kidogo, halafu shokapu inafika mwisho, inakaa juu ya ile raba. Kuanzia hapo gari halina springi tena. Kila pigo la barabara linaingia moja kwa moja kwenye bodi, kwenye mauntingi ya juu ya shokapu, kwenye boljointi, kwenye bearing za matairi. Na upande wa pili, gari likirushwa juu, springi iliyofupishwa inakosa kubanwa. Inacheza ndani ya kitako chake. Fundi aliniambia ameshaona iliyohama kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulielewa, na nilipolielewa niliacha kabisa kutamani gari lililolala chini. Mbele, Runx ina mguu wa MacPherson: shokapu na springi zimekaa kwenye nguzo moja, na chini kuna mkono mmoja, ule mafundi wanaouita loa amu, ulioshikana na tairi kwa boljointi. Gari likiwa kwenye kimo chake, ule mkono unateremka kidogo kutoka katikati ya gari kwenda kwenye tairi. Ukilishusha sana, mkono unakaa kinyume, upande wa tairi unakuwa juu. Sasa, bodi la gari linapolala kwenye kona linazunguka kwenye nukta fulani, na mahali pa nukta hiyo panaamuliwa na namna huo mkono ulivyokaa. Ukishusha gari sentimita nne, uzito umeshuka sentimita nne, lakini ile nukta inashuka zaidi ya hapo. Umbali kati ya uzito na nukta, yaani ule wenzo unaolaza gari, unarefuka. Kwa hiyo unapata gari fupi linalotaka kulala kwenye kona zaidi kuliko lilivyokuwa refu! Juu ya hilo, tairodi, ile fimbo inayopeleka usukani kwenye tairi, nayo imebadilisha mwelekeo, na kila tairi linapopanda tuta linajigeuza kidogo lenyewe bila wewe kugusa usukani. Nilikuwa nikishikilia usukani kwa mikono miwili kutoka Mtumba hadi mjini, nikidhani barabara ndiyo mbaya.

Basi tuliamua miguu kwanza. Hii haikuwa rahisi kwangu, kwa sababu injini nayo ilikuwa na tatizo, nitalieleza, na kila mtu mwenye gari la aina hii anataka kuanza na injini. Fundi alikataa. Aliniuliza swali moja: "Ukiongeza nguvu, hizo nguvu zitashika wapi?"

Springi nilipata za Z yenyewe, mtumba wa Japani, nne, kimo cha kiwandani. Tulizipanga sakafuni tukazipima urefu kwa futi, ya kushoto na ya kulia zikalingana. Shokapu sikuchukua mtumba. Shokapu iliyotumika huijui imepita wapi, na kwa nje inang'aa. Nikanunua mpya za KYB, ngumu kidogo kuliko za kawaida, nne kwa pamoja. Tukabadilisha mauntingi za juu za mbele, zile raba za kuzuia kugonga, vifuniko vya vumbi vya fimbo za shokapu, linki za stabilaiza, boljointi zote mbili, na bushi za loa amu.

Kuhusu bushi tulibishana kidogo. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu zile za plastiki ngumu, nikazitaka. Zinafanya usukani ujibu haraka, hilo ni kweli. Lakini zinahitaji grisi, na Dodoma grisi yoyote iliyo wazi ni gundi ya vumbi. Baada ya miezi zinaanza kulia kama kitanda cha zamani, na zinapitisha kila mtetemo wa rasta kwenye bodi. Tukabaki na raba, mpya, za ubora. Na kuna kitu alinionyesha ambacho tangu siku hiyo nakiangalia kwa kila fundi: bolti za bushi hakuzikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Alizifunga kwa mkono, akashusha gari likasimama kwa matairi yake kwenye mbao, akaingia chini na spana, ndipo akakaza. Ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, raba inajifunga kwenye mkao huo, na gari likishuka raba inabaki imejinyonga siku zote mpaka ichanike. Ni kazi ya dakika 20 zaidi. Gereji nyingi hawaifanyi, kisha mteja anaambiwa bushi za siku hizi hazidumu.

Rimu za 17 niliziuza. Hapa nilipiga hesabu mwenyewe usiku kwenye daftari. Tairi la 205/45R17 lina ukuta wa milimita 92 kutoka rimu hadi barabarani. Tairi la 195/60R15 lina ukuta wa milimita 117. Kipenyo chote cha tairi kinalingana karibu kabisa, tofauti ni milimita moja hivi, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Nikapata milimita 25 za mpira na hewa kati ya rimu na shimo, na kwenye kila tairi nikapunguza uzito. Uzito wa tairi na rimu haubebwi na springi. Ni uzito ambao shokapu inapaswa kuuzuia kila unaporuka, na ukipungua, shokapu inafanya kazi yake kwa utulivu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ya kwenda Hombolo, tofauti hiyo unaisikia ndani ya mita 100. Shokapu inageuza mtikisiko kuwa joto, ndiyo kazi yake yote. Oili iliyo ndani inapenya kwenye vitundu vidogo, inapata moto, na ukiipiga mawimbi kwa nusu saa inapungua nguvu. Ukisimama ukashika mwili wa shokapu baada ya kipande kama hicho, mkono hautakaa.

Kitu kimoja nilichokibadilisha makusudi kutoka kiwandani ni bolti zinazoshika shokapu za mbele kwenye nakili, kile chuma kinachobeba tairi. Kuna bolti zenye mwili mwembamba kidogo, zinakupa nafasi ya kulaza juu ya tairi kuelekea ndani. Tulifika nyuzi moja hivi, pande zote mbili sawa, kisha tukaenda kupima alaimenti, na tairi za mbele tukaziacha zinatazama mbele zimenyooka. Gari linaingia kona kwa hamu sasa. Nyuma halina cha kurekebisha, ni mhimili mmoja unaojinyonga, na unafanya kazi yake.

Nilipolitoa gereji jioni ile nililipeleka taratibu mpaka Ihumwa na kurudi. Lilikuwa refu kwa sentimita kadhaa na halikuwa zuri la kutazama kama zamani. Lakini nilivuka matuta yote bila kuinamisha bega, na kwenye mzunguko wa kurudi mjini lilijikunja kama mtu anayejua anakokwenda. Nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba kwa muda kabla sijashuka.

Sasa injini.

2ZZ ina kamshafti mbili, yaani shafti zinazozunguka na kufungua valvu kwa nundu zake, na kwa kila silinda kamshafti ina nundu za aina mbili. Kuna nundu ndogo za kutembelea na nundu kubwa za kukimbilia. Chini ya mizunguko elfu sita hivi, roka, vile vikono vinavyosukuma valvu, zinafuata nundu ndogo na gari linatembea kwa adabu, linakunywa mafuta kidogo. Ukifika huko juu, kompyuta inafungua solenoidi, valvu ndogo ya umeme, oili inasukumwa kwa presha ndani ya shafti ya roka, na kwenye kila roka pini ndogo inateleza na kuingia chini ya kipande kinachofuata nundu kubwa. Hapo valvu zinafunguka zaidi na zinakaa wazi muda mrefu zaidi. Mlio unabadilika palepale, kama mtu aliyekuwa anaongea akaanza kuimba, na gari linavuta mpaka zaidi ya mizunguko elfu nane. Mwenye kuusikia mara moja hausahau.

Yangu haikuwa na mlio huo. Ilifika elfu sita ikaendelea kupanda, lakini kwa kuchoka, ikitafuta pumzi. Taa ya injini haikuwaka. Aliyeniuzia aliniambia ndivyo zilivyo, na mimi sikuwa nimeendesha nyingine ya kulinganisha.

Tulianza na yale rahisi. Kompyuta hairuhusu nundu kubwa mpaka maji ya injini yafike nyuzijoto 60, kwa hiyo tuliipasha moto kabisa kwanza. Oili ilikuwa chini ya nusu kwenye kijiti, tukaijaza, bado. Kuna kichujio kidogo cha waya, kidogo kuliko kifundo cha kidole, kwenye njia ya oili inayoelekea solenoidi. Tulikikuta kina utando mweusi, tukakisafisha; bado. Solenoidi tuliipa umeme wa betri nje ya injini, ikapiga "tak", ikapiga "tak". Nzima. Fundi akanyamaza, akavuta kiti, akaanza kufungua tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini.

Kuna bolti mbili zinazojulikana na kila mpenzi wa injini hii, moja upande wa valvu za kuingiza hewa na moja upande wa kutolea moshi. Zinashika shafti za roka na hapohapo zinapitisha ile oili yenye presha. Kwenye injini za miaka ya mwanzo bolti hizo zilikuwa na udhaifu. Zinalika taratibu, kisha zinakatika. Injini haifi, haitoi hata mlio mbaya. Oili inavujia pale, presha haifiki kwenye zile pini, na nundu kubwa zinabaki zinazunguka bila kazi. Fundi alipeleka spana kwenye bolti ya upande wa kuingiza hewa, akagusa tu, hakukaza wala kufungua, na kichwa cha bolti kikabaki kwenye vidole vyake. Alikinyanyua kwenye mwanga. Sehemu ya mvunjiko nusu yake ilikuwa imezeeka, ina rangi ya chai, na nusu ilikuwa inang'aa mpya. "Ilianza kufa zamani," akasema, akaniwekea kiganjani. Bado ninayo, iko kwenye droo ya meza yangu.

Toyota walibadilisha muundo wa bolti hizo baadaye, na hizo mpya ndizo tulizoagiza. Zilikuja kwenye kifurushi kidogo kuliko kiberiti. Ukiwa na gari lenye injini hii la miaka ya mwanzo, agiza zote mbili kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kuongeza nguvu. Gharama yake haifikii hata tairi moja zuri.

Lakini jambo lililonitisha lilikuwa chini. Tulipomwaga oili, fundi alipapasa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa vidole, akaniita niingie. Ilikuwa na bonde kubwa, lililobonyezwa kuelekea juu, mahali palepale ambapo ndani yake kuna mdomo wa bomba la kufyonzea oili. Ilikuwa ni Mbande, na nadhani matuta mengi mengine kabla ya Mbande. Tulipofungua sampu, mdomo ule na bati vilikuwa vinakaribia kubusiana. Fundi alichomeka ncha ya kisu ikapita kwa shida. Kwenye mwendo wa kawaida oili ilipata pa kupita. Kwenye mizunguko elfu nane, pampu ikiwa inaomba oili yote, isingetosha. Kama ningerekebisha zile bolti na kuanza kukimbia bila kufungua sampu, bearing za kiranki zingesagika, na ningeamini kabisa kwamba injini za 2ZZ ni mbovu. Aliyekata springi kwa grainda kule Dar alikuwa ameifikia injini kupitia miguu. Nikamtazama fundi, naye hakusema neno, na nilimshukuru kwa hilo.

Tukaweka sampu nyingine. Ndani yake fundi alichomelea vibati viwili vya kuzuia oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona ndefu, kwa sababu injini hii inakunywa oili kidogo inapokimbizwa, na oili ikiwa pungufu halafu ukaingia kona kwa nguvu, bomba linaweza kufyonza hewa. Mimi napima oili kila ninapojaza mafuta, injini ikiwa imepoa. Namwaga kila kilomita 5,000, hata kama nimetembea mjini tu.

Vumbi linastahili maneno yake. Vumbi la Dodoma ni mchanga uliosagwa, na mchanga ni mgumu kuliko ringi za pistoni. Kuta za silinda za 2ZZ hazina mkono wa chuma wa kawaida ambao fundi wa mashine anaweza kuupanua akaweka pistoni kubwa. Ni alumini iliyochanganywa na nyuzi ngumu. Zikichanika, kazi yake si ya gereji za kwetu. Kwa hiyo wapenzi wenzangu wa Subaru, ambao Dodoma ni wengi na ninawaheshimu, wananiona mwoga ninapokataa filta ya wazi, ile ya koni inayotoa mlio mzuri wa kuvuta hewa. Filta ya wazi inakaa wazi kwa vumbi, na tena inavuta hewa ya moto iliyo ndani ya boneti, na hewa ya moto ni hewa nyepesi. Nimebaki na boksi la kiwandani, nikaziba kila ufa wa bomba lake, na karatasi nabadilisha badala ya kuipuliza kwa kompresa. Ukiipuliza kwa presha kubwa unatoboa vitundu usivyoviona, halafu unaridhika kwamba filta ni safi. Ukitaka kujua filta yako inafanya kazi, pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Kidole kikitoka na unga mwekundu, simamisha gari.

Na hewa yenyewe huku ni haba. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kwa kimo hicho msukumo wa hewa ni kama asilimia 88 ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inavuta kile kilichopo. Farasi 190 za kwenye vitabu, huku zinakuwa kama 167. Hakuna kiboksi cha kuchomeka kwenye kompyuta kitakachorudisha hizo 23, maana hazikuibwa na kompyuta. Ila kimo kinatupa kitu pia. Injini hii inabana hewa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, na Wajapani waliitengenezea petroli ya daraja la juu. Huku, kwa kuwa hewa inayoingia ni pungufu, presha ndani ya silinda ni ndogo, na injini haigongi ovyo kwa petroli yetu ya kawaida. Nikishuka Dar ninaiendesha kwa upole zaidi, na sikandamizi mafuta nikiwa kwenye gia ya sita na mizunguko midogo.

Mengine yalikuwa madogo: plagi, kulanti, pedi za breki na oili yake, klachi ambayo ilikuwa bado na maisha. Katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, nimeiacha mahali pake. Nimejizoeza pia kupunguza gia bila haraka, kwa sababu kwenye giaboksi ya gia sita mkono ukikosea ukaingia ya pili badala ya ya nne, mizunguko inapanda kupita kiasi na kompyuta haiwezi kuzuia, na gia za pampu ya oili ya injini hii zinaweza kupasuka.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeisha na nyasi bado kijani, nilimchukua fundi tukaelekea njia ya Iringa. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amevaa koti lake zuri, amekaa na mkono wa kushoto nje ya dirisha, haongei. Mtera tulipita jua linachomoza juu ya bwawa, wauza perege wakiwa ndiyo wanapanga samaki. Kisha tukaanza kupanda Nyang'oro.

Barabara pale inajikunja ubavuni mwa mlima, lami nzuri, na asubuhi hiyo haikuwa na lori hata moja. Nikaweka gia ya pili. Mizunguko elfu nne, elfu tano, springi zikiwa zimekaa chini ya uzito kwenye kona ya kulia, gari halijalala, usukani umetulia. Tukatoka kwenye kona, njia ikanyooka, nikakanyaga. Elfu sita. Halafu mlio ukaja, wote, kama mlango uliofunguliwa kwa ghafla, na tukasukumwa nyuma kwenye viti vyetu, mlima ukija kwetu. Nikafika karibu na elfu nane, nikaingiza ya tatu, nikaachia.

Fundi alikuwa amefumba macho. Nilidhani amefurahia mlio, na labda alifurahia. Tulipofika juu akaomba nisimame. Akashuka, akafungua boneti, akaweka viganja vyake viwili juu ya mauntingi za shokapu, kushoto na kulia, akaniambia nizungushe usukani taratibu mpaka mwisho, nirudishe.

"Mbele kulia," akasema. "Bearing ya mauntingi inaanza kukwaruza. Umeisikia kwenye ile kona ya tatu?"

Sikuwa nimeisikia. Nikashuka, nikaweka kiganja changu mahali pa chake, yeye akaingia nyuma ya usukani akazungusha. Ilikuwa ndogo sana, kama punje moja ya mchanga inayosagwa mbali. Nikaisikia.

"Jumatatu lete," akasema, akafunga boneti kwa mikono miwili. Tukageuza, tukateremka Mtera kununua perege.